Ubao Uliokataa Rangi

Siku ya Jumatano, tarehe 14 Agosti mwaka 1968, asubuhi jua likiwa bado changa, Zacarias, fundi wa silaha wa kambi, alifika kwenye kibanda cha Atija akiwa amekumbatia kitu kilichoviringishwa ndani ya gunia, mithili ya mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Atija alikuwa amechutama mbele ya mafiga akigeuza ukili ndani ya sufuria ya magome ya mkoko. Aliinua uso, akautazama ule mkumbatio, akajua kwamba kazi imekuja na kwamba si kazi nyepesi.

Kambi hiyo ya wapigania uhuru ilikuwa msituni, mwendo wa saa nne kutoka pwani. Watu wa kijiji cha Mkwajuni walikimbilia huko mwaka uliotangulia, baada ya askari wa Kireno kuchoma nusu ya nyumba zao na kuwaamuru waliobaki wahamie ndani ya uzio wa waya. Waliokataa waya walikuja msituni na sufuria zao, kuku wao na vitabu vyao vya dua. Atija alikuja na vitu viwili tu: binti yake Latifa, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, na ufundi wa kutia rangi ukili wa mikeka aliorithi kwa bibi yake. Mumewe Rajabo alibaki Mkwajuni, chini ya udongo, kwa kuwa homa ilimchukua miaka miwili kabla ya kuhama.

"Shikamoo, mama Latifa," alisema Zacarias.

"Marahaba, mwanangu. Leo hukuniletea panya wa kuchoma?"

"Nimewala njiani, mama. Nyinyi watu wa pwani, watu wa chumvi, nikiwaletea panya mnakunja pua, kisha mnauliza mchuzi umebaki wapi."

Atija alicheka. Zacarias alikuwa Mmakonde wa uwanda wa Mueda, Mkristo, mtu wa maneno mengi na mikono yenye adabu, na utani baina yao ulianza tangu siku ya kwanza alipomwomba maji. Sasa alilifungua gunia. Ndani yake mlikuwa na kitako cha bunduki kilichochongwa upya, laini, kilichopinda pale panapotakiwa kupinda. Hakikuwa na kasoro ya patasi hata moja. Kasoro yake ilikuwa rangi: kilikuwa cha manjano, manjano ya binzari iliyosagwa sasa hivi.

"Mfenesi," alisema Atija mara moja. "Na ni cha bunduki ya nani?"

"Ya Latifa."

Mwiko wa kukorogea ulisimama ndani ya sufuria.

Wiki ile Latifa alikuwa ametolewa katika kubeba mizigo na kupewa bunduki, pamoja na wasichana wengine watatu wa kikosi cha wanawake. Bunduki aliyopewa ilikuwa ya zamani na kitako chake kilikuwa kimepasuka katikati. Zacarias alikichonga kingine. Lakini Kamanda Bernardino alipokiona alitikisa kichwa, na kabla jua halijapanda alikuja mwenyewe kwa Atija kueleza kwa nini.

"Mama, Jumapili alfajiri tunaondoka," alisema, akiwa amesimama na kofia mkononi. "Tutavuka ile mbuga iliyoungua. Nusu siku nzima hakuna mti wala kichaka, ardhi yote ni nyeusi, na ndege yao hupita kila asubuhi. Mwezi wa Juni ndege ilimwona mmoja wetu kwa sababu ya kikombe cha bati alichokifunga mgongoni. Kikombe tu, mama. Tulizika watatu."

"Mpe bunduki nyingine."

"Sina nyingine. Binti yako atakwenda Jumapili. Kwamba atakwenda akiwaka kama karabai au akiwa giza kama wenzake, hilo liko mikononi mwako."

Basi Atija aliweka pembeni ukili wa watu na kukishika kitako. Aliyajua mambo ya weusi. Weusi wa kweli haupatikani kwa kuchemsha peke yake: kwanza unakinywesha kitu maji mazito ya magome, kisha unakifukia ndani ya tope jeusi la mikokoni, na tope ndilo linalougeuza wekundu kuwa usiku. Tope alikuwa nalo kwenye mtungi, kwa maana mtia rangi hawezi kuhama bila tope lake.

Lakini kitako kilikataa hatua ya kwanza. Alikitumbukiza katika maji ya magome, na alipokitoa maji yalikusanyika juu yake kwa matone, yakateleza na kudondoka, kana kwamba amemwagia jani la myugwa. Alikirudisha, akakiacha mpaka adhuhuri. Kilitoka cha manjano vilevile.

Siku ya Alhamisi alikisugua kwa majani ya msasa mpaka vidole vikachubuka. Aliongeza magome mara tatu. Safari hii rangi ilishika, ila ilishika kwa ukaidi: hapa doa jekundu, pale doa la njano, pengine mistari.

Latifa alirudi kutoka mazoezini, akakitazama, akaziba mdomo ili asicheke.

"Mama, bunduki yangu ina upele."

"Cheka. Jumapili ndege nayo itacheka."

"Usikasirike, mama yangu. Labda nikiifunga kitambaa..."

"Kitambaa kitafunguka siku ambayo huna mkono wa kukifunga. Nenda kale, niache nifikiri."

Alifikiri usiku kucha na akapata jawabu. Ubao usiokunywa maji umeshiba kitu kingine, na kitu hicho bila shaka ni mafuta. Nani alipaka mafuta ubao wa kuchongea, na kwa kazi gani, hakujua wala hakujali. Asubuhi ya Ijumaa alichekecha majivu, akayachemsha, akatengeneza uji mzito wa majivu wa moto, akakipaka kitako chote, akakifunika kwa jani la mgomba. Majivu ya moto hunyonya mafuta kama ndama anavyonyonya. Kisha akaketi kusubiri.

Kwanza alisikia harufu ya majivu. Baadaye harufu ya nazi, nazi ya zamani iliyochacha. Kisha chini ya nazi ikapanda harufu nyingine, ya baridi, inayopenya puani na kufika nyuma ya macho: karafuu maiti. Na pamoja nayo, hafifu kama mtu anayeita kutoka mbali, marashi ya waridi.

Alilivuta jani, akayafuta majivu kwa kiganja bila kujali kwamba yanaunguza. Sasa aliyaona ambayo siku mbili hakuyaona. Kando ya kitako kulikuwa na vitundu vitatu, vimezibwa vizuri kwa vipisi vya mti. Aliweka kiganja chake juu yake na kukinyoosha. Kutoka tundu hadi tundu ilikuwa shibiri moja kasoro kidole. Hakuhitaji kupima mara ya pili. Kamba za vitundu vile aliwahi kuzikaza kwa mikono yake.

Mkwajuni palikuwa na jeneza moja, la msikiti, la watu wote. Lilikuwa mali ya wakfu: haliuzwi, halirithiwi, haliazimwi kwa kazi nyingine isipokuwa ile ya kumpeleka mja kwa Mola wake na kurudi tupu. Lakini matunzo yake yalikuwa ya wanawake wa ukoo wa Atija. Kila mwaka, siku za mwisho za Shaabani, wanawake wanne walilitoa nyuma ya msikiti, wakalikosha, wakalipaka mafuta ya nazi yaliyorowekwa maua ya waridi na karafuu maiti. Walipaka mpaka mbao zikasema basi. Miaka ishirini, katika mikono ile minane, miwili ilikuwa yake.

Mafuta yaliyoikataa rangi aliyaweka yeye mwenyewe.

Na juu ya mbao zile, miaka mitatu iliyopita, alilala Rajabo.

Atija alikaa hapohapo, kitako kikiwa mapajani, mpaka Zacarias alipokuja kuuliza kazi imefikia wapi.

"Mama? Umeungua?"

"Zacarias. Ubao huu uliukata wapi?"

"Mkwajuni, tulipopita mwezi uliopita. Nyuma ya ile nyumba nyeupe ya sala pana kibanda. Ndani nilikuta kitanda."

"Kitanda cha namna gani?"

"Cha ajabu kidogo. Kirefu, chembamba, hakina miguu, kina mishiko minne. Nikajisemea, hawa watu wa pwani, hata kitanda wanataka wakibebe wakienda kutembea!" Alicheka peke yake, akaona hakuna anayecheka naye. "Ubao wake ulikuwa mkavu, mama, umekaa miaka haujapata ufa. Nikang'oa wa ubavu mmoja. Mwenyewe hayupo, nikasema, na wetu wana haja."

"Kile si kitanda, mwanangu."

"Ni nini?"

"Ni cha kubebea maiti."

Zacarias alitazama kitako, akamtazama yeye. "Lakini... kule misheni mtu anazikwa na sanduku lake. Kwetu Mueda anafungwa mkekani. Mimi nilijuaje kwamba kuna kitu kinachobeba halafu kinarudi?"

"Kwetu kinarudi. Ni kimoja kwa kijiji kizima. Kilimbeba mama yangu. Kilimbeba baba yake Latifa."

Fundi yule alifungua mikono yake akaiangalia kama mikono ya mtu mwingine. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mama, njiani niliulalia. Nilifanya mto siku tatu."

Atija, pamoja na yote, alihisi kicheko kikimpanda kooni na kufia hapohapo.

"Nikautupe?" aliuliza Zacarias.

"Ukautupe wapi? Na Jumapili Latifa ashike nini, mwiko wa ugali?"

Ng'ambo ya vibanda mtu alikuwa akitwanga muhogo, na mchi ulikwenda bila kukosea. Atija alijua kwamba akipaza sauti siku ile, watu wa Mkwajuni watakusanyika, na wapo watakaosema kwamba wapiganaji wa bara wamevunja kitu cha wafu wao, na hawatakosea. Alijua pia kwamba ubao hauwezi tena kurudi ulikotoka. Na alijua kwamba Jumapili haikusogea.

"Nitachonga mwingine," alisema Zacarias. "Ubao kwa ubao. Mfenesi sina, lakini nina mkongo, mti mwekundu, mgumu. Nitaubeba mwenyewe mpaka Mkwajuni na kuufunga mahali pake."

"Bernardino atakuruhusu?"

"Nitamwambia ukweli. Akikataa nitamwomba tena."

Alikwenda. Bernardino, kama ilivyosimuliwa baadaye, alisikiliza hadi mwisho, akavua kofia. Kisha akasema, "Wakati wa kurudi. Saa moja tu, si zaidi."

Atija alirudia majivu mara ya pili na ya tatu, na kila mara harufu ile ilipungua, mpaka ubao ukawa hauna tena la kusema. Akakitumbukiza kitako katika magome, na safari hii kikanywa. Jumamosi alfajiri alikifukia ndani ya tope jeusi la mikokoni, na kwa kila kiganja cha tope alimwomba Mungu msamaha kwa jina la mmoja kati ya waliobebwa. Majina aliyokumbuka yalizidi tope. Jioni alikikosha kwa maji. Kilikuwa cheusi kama chungu cha kale, hakina doa, hakina mng'ao.

Latifa alikuja kukichukua akishangilia. "Wallahi, mama, umewashinda wazungu na rangi zao za mkebe!"

Mama yake alikusudia kunyamaza. Lakini mtoto alikiinua kitako, akakiegemeza begani, akalaza shavu juu yake kulenga kama alivyofundishwa, na Atija akasikia maneno yakimtoka kabla hajayachagua. Alimweleza yote.

Latifa aliliondoa shavu taratibu. Uso wake ulipauka.

"Baba alilala hapa?"

"Hapo."

"Mama, kwa nini hukuninyamazia?"

"Sikuweza."

"Ungeweza! Ungengoja nirudi!" Machozi yalimlengalenga. "Nitaibeba, kwa sababu sina nyingine. Lakini shavu langu siliweki tena hapo. Nitapiga kwa mbali, nitapiga kwa kiuno, nitajua mwenyewe."

Atija alisema alichoweza kusema: "Rangi hii bado changa. Usiitie jasho kwa siku saba."

"Vita havina siku saba, mama," alisema Latifa, akaenda zake.

Jumapili alfajiri waliondoka watu kumi na wawili. Nyuma kabisa alikwenda Zacarias, na begani kwake ubao mwekundu mrefu kumzidi mwenyewe, umetobolewa vitundu kila shibiri kasoro kidole, umeviringishwa kaniki ili ndege isiuone. Atija ndiye aliyempimia kwa kiganja chake. Alisimama kwenye njia mpaka asiwaone. Asubuhi ile ndege ilipita, ikarudi, ikapita tena. Hakuna mlio uliosikika. Mbuga iliyoungua iliwameza, nao walikuwa giza ndani ya giza.

Siku nne zilipita. Alhamisi alasiri Atija alikuwa akianua mikeka aliposikia mchi wa yule mtwangaji ukisimama. Mchi ule ulikuwa hausimami ovyo. Aligeuka.

Kwenye mdomo wa njia walikuwa wakija watu, na juu ya mabega yao lilikuja jeneza la Mkwajuni.

Hakuhitaji kuambiwa ni lipi. Aliiona mishiko yake minne iliyolainishwa na viganja vya baba zake. Upande mmoja ulikuwa wa kale, upande mmoja ulikuwa mwekundu na mpya. Juu yake palikuwa na mtu, amefunikwa kaniki kutoka kifuani hadi chini. Wanawake wa Mkwajuni walilitambua wakati uleule, na kilio kikaanza kama moto wa nyasi. Atija alitafuta uso wa Latifa katika wabebaji wawili wa mbele. Hakuuona. Akatafuta katika waliotembea kando. Hakuuona. Mkeka ulimponyoka. Kitu ndani ya kifua chake kilisema, Umetia rangi ubao wa jeneza, nalo limekuja kudai lake.

Walifika katikati ya kambi. Na pale, mbele ya macho ya watu wote, maiti aliinua kiwiko, akajiinua nusu, akageuza kichwa huku na huku.

Kilio kilikatika. Mwanamke mmoja alianguka chali. Mwingine alikimbia na sufuria kichwani, na mzee mmoja aliyekuwa muadhini alianza kutamka shahada kwa sauti kubwa, akikosea na kurudia.

"Msinizike bado, watu wa chumvi," alisema Zacarias kwa sauti iliyokauka. "Nipeni maji kwanza."

Tangu Mkwajuni iwe Mkwajuni, jeneza lile halikupata kumbeba mtu anayeomba maji. Hakuna aliyesogea. Atija ndiye aliyekwenda, akichukua kata, na alipoiinua mdomoni mwa fundi alitazama nyuma ya jeneza, pale kaniki iliyoning'inia ilipokuwa imemficha mbebaji wa nne. Alikuwa Latifa. Alisimama na mshiko begani, bunduki ikining'inia upande wa pili, macho mekundu kwa vumbi. Alikuwa mzima.

"Alimaliza kufunga kamba ya mwisho," alisema Latifa, pumzi ikimkatika. "Akatoka nje ya kibanda, akasema, sasa nimelipa. Hatua mbili, akakanyaga bomu walilolifukia Wareno. Mguu, mama. Wakatusikia, wakaja. Hatukuwa na kitu cha kumbebea isipokuwa hiki. Kingekuwa na upande mmoja tusingeweza."

"Na askari?"

"Nilibaki nyuma kuwazuia mpaka wenzangu wakatangulia."

Hakukuwa na haja ya kusema zaidi. Kwenye shavu lake la kulia, kutoka mfupa wa jicho hadi taya, palikuwa na mstari mpana mweusi, wenye umbo la kitako cha bunduki. Atija alilowesha kidole gumba kwa mate akausugua, kama alivyomsugua alipokuwa mtoto. Haukutoka. Akasugua tena. Rangi iliyokataa ubao kwa siku mbili ilikuwa imeikubali ngozi kwa siku moja.

"Acha, mama," alisema Latifa, akaushika mkono wake, akaubakiza palepale shavuni.

Zacarias aliishi. Alivushwa mto Ruvuma hadi hospitali ya ng'ambo akiwa juu ya jeneza lilelile, na mguu wake ulikatwa chini ya goti. Mstari wa Latifa ulikaa siku kumi na saba kabla ya kufifia. Bendera ya uhuru ilipopandishwa, watu wa Mkwajuni walirudi nyumbani na jeneza lao, na hadi leo lina ubavu mmoja wa manjano ya kale na ubavu mmoja mwekundu. Wapo vijana wanaosema kwamba fundi aliyelitengeneza alikuwa mvivu, hakutafuta mti unaofanana.

Basi wewe uliyeisoma habari hii mpaka hapa, usikae nayo peke yako. Msomee aliye jirani nawe asiyejua kusoma, naye amwambie mwingine, mpaka imfikie yule atakayeshika mafuta Mkwajuni siku za mwisho za Shaabani. Mwambieni kwamba ule ubao mwekundu nao apake, sawasawa na mwenzake, mpaka useme basi.